Abiria Asiyeulizwa

Katika kila chombo kinachowapeleka watu matembezini kisiwani, aghalabu yumo abiria mmoja ambaye hakuulizwa. Hakuchagua siku wala kisiwa. Hajui kuogelea, wala hajui kwamba duniani kuna jambo liitwalo kuzama. Amepandishwa chomboni akiwa amebebwa, amekalishwa pajani, na mara nyingi nauli yake haikutozwa. Mzazi wake akiulizwa kwa nini amemleta, atajibu kwa mshangao kidogo: "Nimuache na nani?" Au atasema, "Na yeye aone." Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanafunika suala zito zaidi: mzazi ana haki gani ya kumvusha maji mtoto wa miaka miwili kwa ajili ya kutazama mandhari?

Wakaazi wa visiwani hawalioni suala hili kwa urahisi. Mtoto wa Tumbatu au wa Kojani huvushwa maji kabla hajaota meno, kwa sababu shughuli nyingi na jamaa wengi wako ng'ambo. Mazoea yamelifukia swali mchangani. Kwa hiyo ni vyema liangaliwe kutoka bara, tena bara yenye ukame, kwa macho ya mtu ambaye maji makuu kwake ni jambo la kuamua, si jambo alilozaliwa nalo.

Kasoli ni kata ya wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Huko maji yana mipaka inayojulikana. Kisima kina kina chake, lambo lina ukingo wake, na mito hufurika wakati wa mvua, kisha kiangazi hubakiza mchanga ambao watoto huuchimba kutafuta maji. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina, huishia Ziwa Victoria. Lakini katika wilaya zote tano za mkoa huo, ni Busega peke yake inayoligusa ziwa. Mtu wa Kasoli anayetaka kuiona Nyanza hupita Bariadi mjini, akafuata barabara mpaka Lamadi. Na akitaka kisiwa cha kutembelea huendelea na njia ya Mwanza, akaipita Magu, mpaka jijini, ambako dakika chache za boti kutoka ufukweni kipo kisiwa cha Saanane.

Saanane ni kisiwa kidogo cha majabali, miti na ndege. Kimechukua jina la Saanane Chawandi, mvuvi aliyekuwa mwenyeji wa hapo kabla serikali haijamlipa fidia ili ahame. Mwaka 1964 ikaanzishwa pale bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali katika Tanzania, na mwaka 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa, mojawapo ya hifadhi ndogo kabisa nchini. Wapo pale tumbili, pimbi, swala pala, kenge wanaoota jua juu ya mawe, na mamba majini. Mtoto aliye chini ya miaka mitano halipi kiingilio katika hifadhi za taifa. Ni ukarimu mzuri. Lakini ukarimu huo nao unamfanya mtoto kuwa kama nyongeza ya mzazi wake, mfano wa kofia au mkoba.

Sasa achukuliwe mzazi wa Kasoli aliyeuza pamba yake, akalipa madeni, na kilichosalia akaamua kukitumia kuipeleka familia Saanane siku moja. Fedha ile ingeweza kununua mabati. Bibi mzaa baba, aliyekaa kivulini anachambua choroko, atamtazama mkwewe akimfunga mtoto mgongoni na kumwuliza kwa upole: "Mayu, huyu naye atakumbuka nini?"

Swali la bibi ni la kifalsafa kuliko anavyodhani. Kwamba watu wazima hawakumbuki miaka yao ya mwanzo ni jambo lililowashughulisha wataalamu muda mrefu. Sigmund Freud aliliandikia mwaka 1905 na kulipa jina la usahaulifu wa utotoni. Watu wengi kumbukumbu yao ya kwanza ni ya umri wa miaka mitatu au minne. Ilidhaniwa kwamba ubongo wa mtoto mchanga hauwezi kabisa kuhifadhi tukio. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha uchunguzi walioufanya kwa kutazama ubongo wa watoto waliokuwa macho, nao wakaona dalili kwamba tangu kiasi cha mwaka mmoja mtoto huanza kuyaweka aliyoyaona. Huenda basi yale yaliyopotea hayakukosa kuhifadhiwa, ila ufunguo wa sanduku ndio uliopotea.

Hata hivyo, bibi asijibiwe kwa sayansi. Ajibiwe kwa uji. Hakuna mama anayepunguza sukari katika uji wa mtoto kwa hoja kwamba mtoto hataukumbuka uji ule. Hakuna anayeacha kumwimbia kwa kuwa wimbo utasahauliwa. Furaha ya mtoto ina thamani saa ileile inapotokea, na usahaulifu unaokuja baadaye hauna uwezo wa kurudi nyuma kuifuta. Mpaka hapa mzazi ameshinda hoja.

Lakini ushindi huu una gharama, na wengi hawaioni. Ikiwa furaha isiyokumbukwa ina thamani, basi na hofu isiyokumbukwa ina uzito. Mtoto aliyelia kutoka ufukweni mpaka kisiwani kwa sababu mlio wa injini ulimtisha, jua lilimchoma na mikono ya mama ilimbana, amelia kwelikweli. Mzazi hawezi kuuchukua upande wa kheri wa hoja na kuuacha upande wa shari. "Atasahau tu" ni maneno yanayosemwa wakati wa kuchanja na wakati wa kumwachisha ziwa, na hapo yana nafasi yake, kwa kuwa mtoto mwenyewe ndiye anayefaidika na uchungu ule. Katika safari ya matembezi, anayefaidika ni nani?

Jibu linaonekana mara tu boti inapofika. Mzazi hutazama juu, mtoto hutazama chini. Mandhari, kwa maana ya upeo wa macho, majabali yaliyopangana na jiji lililobaki ng'ambo, ni kitu ambacho mtoto wa miaka miwili hana haja nacho. Yeye ameona kamba. Ameona kopo la kuchotea maji yaliyoingia botini, na maji yenyewe yakichezacheza miguuni mwa nahodha. Kisiwani ataliacha kundi la swala ashike njia ya siafu.

Jambo hilohilo huonekana Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Wageni huvuka kwenda kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni kobe walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mtu mzima anaposimama mbele ya kobe mwenye umri uliopindukia miaka mia, husimama mbele ya wakati wenyewe. Humwaza babu yake, na huyawaza mauti yake. Mtoto anaona jani likitafunwa. Nani kati yao amemwona kobe? Si rahisi kusema. Pengine mtoto ndiye aliyemwona kobe, na mzazi ameiona karne. Lakini jambo moja ni wazi: aliyeyafuata mandhari ni mzazi. Ile kauli ya "na yeye aone" ilikuwa na maana ya "na mimi nione, naye awepo."

Na hapo hapana aibu. Wako watu wenye msimamo mkali wanaodhani kwamba mzazi mwema ni yule aliyejizika akiwa hai, asiyetoka ila kwa haja ya mtoto. Msimamo huo unafanana na utu wema, lakini humzalishia mtoto deni ambalo hakulikopa, na siku moja atadaiwa. Vilevile kuna dharau iliyofichika katika kauli kwamba mkulima wa pamba hana kazi na mandhari, kwamba mabati ndiyo yake na visiwa ni vya watalii. Mtu aliyeinamia shamba miezi kadhaa ana haki ya kuinua macho yake siku moja, na ana haki ya kuwa na mwanawe pajani anapoyainua. Mtoto hula katika furaha ya wazazi wake kama alavyo katika sahani yao.

Isipokuwa mzazi aseme kweli: safari ni yake, na mtoto amealikwa bila ya kuulizwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya sheria na maadili, alitoa hoja kwamba wazazi wamemleta duniani mtu bila ya ridhaa yake, na kwa tendo hilo wamejitwika wajibu wa kumfanya, kadiri wawezavyo, airidhie hali waliyomtia. Kumpandisha mtoto chomboni ni kulirudia tendo lile la kwanza kwa kipimo kidogo. Mara ya pili anatolewa mahali alipo salama na kupelekwa mahali asipopajua, kwa uamuzi wa mwengine. Waswahili wana neno fupi zaidi la hali hii: amana. Aliyewekewa amana hakatazwi kusafiri nayo. Lakini aliyesafiri nayo kwa ajili ya starehe yake haulizwi maswali yale yale anayoulizwa aliyesafiri nayo kwa kulazimika.

Tofauti hii ya starehe na lazima ndiyo kiini cha mjadala. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliopoteza maisha walizidi 220, na waliookolewa wakiwa hai walikuwa 41. Wazazi waliokuwa na watoto mle ndani hawakwenda kutazama mandhari. Kwao maji yalikuwa barabara, na chombo kilikuwa kile kilichopo. Hakuna mwenye moyo atakayewauliza kwa nini walivuka na mtoto. Swali la namna hiyo ni la wenye chombo na wenye mamlaka. Lakini anayevuka kwenda Saanane na kurudi jioni ileile amejitwalia mwenyewe nafasi ya mwenye mamlaka. Yeye ndiye waziri wa usafiri wa mtoto wake. Hawezi kusema hapakuwa na njia nyengine, kwani njia nyengine ilikuwepo: kubaki ufukweni.

Nayo hesabu ina lake la kusema. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikiikaribia Mwanza, orodha ya majina iliwahusu abiria wa madaraja ya juu; wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Mamia walikufa, na idadi yao kamili imebaki kuwa makadirio mpaka leo. Wasomaji wa Unguja na Pemba waliosubiri ufukweni mwaka 2011, na tena mwaka 2012, hawahitaji kuelezwa maana ya kutafuta jina ambalo halikuandikwa. Ikiwa mtu mzima aliyekata tiketi ya bei nafuu anaweza kukosa jina, itakuwaje kwa aliyepakatwa, ambaye hakukatiwa tiketi kabisa? Msamaha wa nauli humgeuza mtoto kuwa mtu asiyehesabiwa. Mzazi anayemwambia nahodha, "Sisi ni wanne," badala ya "Sisi ni watatu na mtoto," amefanya tendo dogo la haki, na katika boti ndogo ya matembezi tendo hilo lina matokeo yanayoshikika. Linamfanya nahodha atafute boya la nne.

Hapo ndipo maadili yanaposhuka kutoka vitabuni na kuingia katika jaketi la kuokolea maisha, ambalo wengi huliita boya tu. Boti nyingi zina maboya ya watu wazima. Boya la mtu mzima kwa mtoto wa miaka miwili ni vazi la mzaha: akitumbukia, litampanda usoni na yeye atachomoka chini yake. Linalomfaa ni la uzito wake, lenye mkanda unaopita baina ya miguu ili lisimvuke kichwa. Hicho ni kitu cha kuulizia kabla ya kulipa, na jibu la "mtoto atakaa na mama yake" si jibu.

Kwa mtu wa Kasoli kuna mtihani mwengine ulio mgumu zaidi, kwa sababu unaugusa upendo wenyewe. Huko mtoto hubebwa mgongoni kwa mbeleko. Mbeleko ni nyumba ya kwanza ya mtoto baada ya tumbo la mama. Ndani yake amekwenda shambani, kisimani na msibani, na hajadhurika. Kwa hiyo mama anapoingia botini, moyo wake unamwambia aikaze zaidi. Nchi kavu moyo huo haujakosea hata mara moja. Majini, kufunga kule ni hatari kubwa: boya alilovaa mama limetengenezwa limgeuze chali, uso wake uelekee angani, na mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa chini yake, ndani ya maji, amefungwa na mikono ileile iliyotaka kumlinda. Mbeleko inapaswa kufunguliwa ufukweni. Mtoto akae mbele, na boya lake mwenyewe, ashikwe bila ya kufungwa.

Kuna kitu kinachotisha katika kuambiwa kwamba namna yako bora ya kupenda haivuki maji. Watu wengi hukasirika. Husema, "Mimi ndiye mama yake," kana kwamba ziwa linajali nasaba. Uzazi humpa mtu mamlaka juu ya mtoto, lakini haumpi elimu ya mahali asipopajua, na sehemu ya amana ni kukubali kufundishwa na nahodha aliye mdogo kwa umri na asiye na mtoto. Kwa jamii inayoheshimu ukubwa, hilo si jambo jepesi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wenyeji wa pwani walioitunga methali hiyo hawakuwatoa wazee.

Kisha mtoto atalia. Hili ni hakika kuliko hali ya hewa. Boya ni la joto, linabana kidevu, lina harufu ya mafuta. Atalia, atajipinda, atalivuta, abiria wengine watageuka, mmoja atasema, "Mvueni tu, maskini, ni hapa karibu." Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hii imezoeleka hata imepoa masikioni, ikitumika kwa viboko na kwa kunyimwa peremende. Katika boti inarudi kwenye ukali wake wa mwanzo. Na inafaa kuangaliwa kwamba kishawishi cha kulivua boya hakitoki katika ukatili. Kinatoka katika huruma, na kidogo katika haya ya kutazamwa.

Picha nazo zimeongeza kishawishi chao. Mzazi ajuaye kwamba mtoto hatakumbuka hutaka simu ikumbuke kwa niaba yake, na picha hupendeza zaidi pasipo boya, mtoto akiwa amesimamishwa ukingoni, ziwa likiwa nyuma yake. Kwa nukta chache mtoto huwekwa mahali pa hatari zaidi katika safari nzima ili upatikane ushahidi kwamba alifurahi. Kama kuna jambo katika matembezi haya linalostahili kulaumiwa bila ya kutafutiwa udhuru, ni hilo.

Kisiwa cha Ukerewe, jirani ya Ukara, kilimtoa Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakaa nayo miaka bila ya mchapishaji, mwisho akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Naye akafariki mwaka uliofuata. Ni riwaya kubwa ya maisha ya kisiwani, na imeanza na ndoa inayotikisika kwa kukosa mtoto. Watu wake huvumilia kejeli, safari na dawa chungu ili siku moja awepo wa kupakatwa. Anayeisoma huitazama kwa jicho jengine ile sura ya mtoto aliyekaa pajani botini bila ya tiketi.

Lakini hata hayo hayamkatazi mtu wa Kasoli kwenda. Yanamtwika wajibu mmoja ulio mgumu kuliko yote, nao ni wajibu wa kugeuka. Ziwa Victoria hubadilika upesi. Asubuhi iliyotulia inaweza kuzaa mchana wa upepo na mawimbi mafupi makali. Yule aliyeuza pamba, aliyeamka alfajiri, aliyepanda gari tatu na kuwaahidi watoto, anasimama ufukweni Mwanza na kuona boti imejaa zaidi ya inavyostahili, au boya la mtoto halipo, au wingu limeanza kusimama upande wa ziwa. Nahodha anasema hapana tatizo. Mke anamtazama. Mtoto mkubwa tayari amevua viatu. Kila kitu alichokwisha kukitumia kinamsukuma aingie, na anayepaswa kutetewa hawezi kusema. Akisema hapana, hakuna atakayemshukuru, kwa sababu balaa lisilotokea halionekani.

Miaka itapita, na mtoto atauliza habari za siku ile, kwa kuwa watoto hupenda kusimuliwa walichokuwa kabla hawajajijua. Pengine ataambiwa kwamba alifika Saanane, akamkimbiza mjusi mwenye kichwa chekundu juu ya jiwe, akalala njia nzima ya kurudi. Au ataambiwa kwamba hawakuvuka: upepo ulikuwa mkali, baba akaghairi, wakanunua sato wa kukaanga wakala wote pwani ya ziwa, na yeye akashinda mchana kutwa akitupa vijiwe majini, kimoja kimoja, mpaka gari la Lamadi lilipokaribia kuondoka na ikabidi abebwe kwa nguvu.